Je, ni Hamilton Naki aliyepandikiza moyo wa kwanza? Jibu kwa mwanafunzi wa uuguzi

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, hapa Tanga. Kwenye kundi letu la WhatsApp umezunguka ujumbe unaosema aliyepandikiza moyo wa kwanza duniani si Christiaan Barnard, daktari mzungu wa Cape Town, Afrika Kusini, ni Hamilton Naki, mtunza bustani Mwafrika ambaye makaburu walimficha. Mwalimu wetu anasema ni uongo. Wenzangu wanasema mwalimu anawatetea wazungu. Ukweli ni upi? Na kwa nini moyo ulichelewa sana kupasuliwa wakati tumbo, kibofu na hata ubongo vilikuwa vimeshazoeleka?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mwalimu wako yuko sahihi. Lakini wenzako nao hawakukosea kunusa dhuluma, wamekosea mji tu. Mtu wanayemtafuta alikuwepo kweli. Alikuwa mweusi, hakuwa na shahada ya udaktari, kazi ya mikono yake ilifungua njia ya kuwapasua watoto wenye ugonjwa wa moyo, na taarifa ya kitabibu ilipoandikwa jina lake halikuwekwa. Ila hakuwa Cape Town mwaka 1967. Alikuwa Baltimore, Marekani, mwaka 1944, na aliitwa Vivien Thomas. Nitafika kwake, na kwa mzee Naki pia, kwa maana naye anastahili kusemwa vizuri. Niruhusu nianze na swali lako la pili, kwa sababu bila hilo hutaona uzito wa walichokifanya.

Kuufikia moyo si kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Uko nyuma ya mfupa wa kifua, sentimita chache tu kutoka kwenye ngozi. Shida ni kwamba hautulii. Utumbo unaweza kuushika, ukaugeuza, ukapumzika, ukaurudia. Moyo unadunda mara sabini na kitu kwa dakika ukiwa umejaa damu, na ukiutoboa damu inaruka. Ukiusimamisha ili ufanye kazi kwa utulivu, hesabu inaanza hapo hapo: ubongo usiopata damu huanza kufa baada ya dakika nne hivi. Hata kifua chenyewe, ukikifungua bila kusukuma hewa kwa mpira uliopitishwa kooni, mapafu yanasinyaa na mgonjwa anakosa pumzi. Ndiyo maana huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba historia ya upasuaji wa moyo ni historia ya kutafuta dakika. Kisu kilikuwepo siku zote, dakika ndizo hazikuwepo.

Watu wa mwanzo walifanya kazi bila kuwa na dakika hata moja ya kukopa. Mwaka 1893, Chicago, Daniel Hale Williams, daktari mweusi, alimfungua kifua kijana James Cornish aliyechomwa kisu kwenye ugomvi, akashona mfuko unaouzunguka moyo. Cornish alitoka hospitalini kwa miguu yake mwenyewe na akaishi miaka mingi. Jambo moja litakugusa wewe hasa. Hospitali hiyo, Provident, Williams aliianzisha mwaka 1891 baada ya msichana mweusi aliyetaka kusomea uuguzi kukataliwa na vyuo vya mji huo. Ilianza pamoja na shule ya wauguzi.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 1896, Ludwig Rehn wa Frankfurt alikwenda hatua moja mbele. Aliletewa Wilhelm Justus, kijana wa miaka 22 (naye mtunza bustani, ajabu ya mambo), aliyechomwa kisu ubavuni siku mbili kabla na ambaye alikuwa anazidi kuzama. Rehn alikuta tundu kwenye chemba ya kulia ya moyo wenyewe. Alilishona kwa nyuzi tatu za hariri, akiingiza sindano kila moyo ulipolegea kati ya pigo na pigo. Kijana akapona. Huo ndio mshono wa kwanza kwenye nyama ya moyo wa binadamu ambao mgonjwa wake alibaki hai.

Lakini kuziba jeraha si kutibu ugonjwa. Mwaka 1925, London, Henry Souttar alijaribu kutibu ugonjwa ambao wewe utaukuta wodini mara nyingi kuliko magonjwa mengine yote nitakayoyataja hapa: kubana kwa vali ya mitrali (mlango wa damu kati ya chemba mbili za kushoto za moyo) kunakoachwa na homa ya rumatiki, ile inayofuata mafindofindo yasiyotibiwa. Mgonjwa wake alikuwa msichana. Souttar alipenyeza kidole chake kupitia chemba ya juu ya kushoto, moyo ukiwa unaendelea kudunda, akaigusa vali, akaipanua, akatoa kidole. Msichana alipona na kuishi miaka kadhaa. Unadhani kilifuata nini? Hakuna. Madaktari wa magonjwa ya ndani hawakumpelekea mgonjwa mwingine, kwa kuwa waliamini tatizo la ugonjwa huo ni misuli ya moyo, na vali ni jambo dogo. Zaidi ya miaka ishirini ilipotea hivyo.

Aliyeirudisha njia hiyo ni Charles Bailey wa Philadelphia, na hadithi yake inanitia uchungu kila ninapoisimulia. Wagonjwa wake watatu wa mwanzo wote walikufa. Hospitali zikaanza kumfungia milango. Tarehe 10 Juni 1948 alipanga kupasua wagonjwa wawili siku moja katika hospitali mbili tofauti, kwa sababu alijua wa kwanza akifa, hospitali ya pili itamkataza. Wa asubuhi alikufa. Akavuka mji haraka kabla habari hazijafika, akampasua wa mchana, mama kijana wa miaka 24. Yule akapona. Sijui kama mimi ningekuwa na moyo wa kuingia chumba cha upasuaji kwa mara ya tano, na wala sina hakika kama ilikuwa haki kwa wale wanne. Wanafunzi hunitaka nimhukumu Bailey, nimeshindwa.

Sasa tumfikie Vivien Thomas.

Alizaliwa Louisiana mwaka 1910, akakulia Nashville. Baba yake alikuwa seremala, naye akajifunza useremala. Alikuwa anaweka akiba ili asome udaktari. Mdororo wa uchumi ulipoipiga Marekani, benki aliyoweka fedha zake ikaanguka, akiba ikapotea yote. Mwaka 1930 alipata kazi Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kwenye maabara ya daktari mmoja mzungu, Alfred Blalock. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya utafiti: kuwapasua mbwa, kupima shinikizo la damu, kutunza kumbukumbu. Kwenye orodha ya mishahara aliandikwa mfagizi.

Blalock alipohamia Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1941, alikataa kwenda bila Thomas. Hapo ndipo alipokuja Helen Taussig, daktari wa watoto, mwanamke aliyepoteza uwezo wa kusikia na aliyejifunza kuusoma moyo wa mtoto kwa vidole badala ya masikio. Wodi yake ilikuwa imejaa watoto wenye midomo na kucha za bluu. Walikuwa na tundu kati ya chemba mbili za chini na mshipa uliobana wa kwenda mapafuni, hivyo damu nyingi ilizunguka mwilini bila kupita kwenye mapafu. Mtoto wa namna hiyo akitembea hatua chache huchuchumaa atafute pumzi. Wengi walikufa wadogo. Taussig aligundua kwamba waliokuwa na njia ya ziada ya damu kuelekea mapafuni, ile ambayo kwa kawaida hujifunga baada ya kuzaliwa, walikuwa na nafuu, na njia hiyo ilipojifunga walidhoofika. Akauliza swali jepesi kama la fundi bomba: je, hamwezi kuunganisha mrija mwingine?

Kazi ya kulijibu ilimwangukia Thomas. Ilibidi kwanza atengeneze kwa mbwa hali inayofanana na ya watoto wale, jambo ambalo peke yake lilimchukua muda mrefu, kisha atafute jinsi ya kuitibu. Alifanya upasuaji kwa mbwa wapatao 200. Wazo lilikuwa kuchukua mshipa wa damu unaokwenda mkononi, kuupinda na kuushona kwenye mshipa wa mapafu. Sindano za kushonea mishipa midogo kiasi hicho hazikuwepo, akazipunguza na kuzinoa mwenyewe. Ule useremala haukupotea.

Tarehe 29 Novemba 1944 aliletwa Eileen Saxon, mtoto wa miezi 15 mwenye uzito wa kilo nne hivi. Blalock ndiye aliyeshika kisu. Lakini upasuaji ule Blalock alikuwa ameufanya kwa mbwa mara moja tu, tena Thomas akiwa msaidizi, wakati Thomas alikuwa ameufanya mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Kwa hiyo Blalock aliomba Thomas aitwe. Akasimama juu ya stuli nyuma ya bega la mpasuaji, akimwambia mshono uende upande gani, urefu gani. Kwa kuwa hakuwa daktari, hakuruhusiwa kumpasua mgonjwa. Koleo zilipoachiwa, damu ilipita. Eileen alipata nafuu, ingawa miezi baadaye hali ilirudi na hakuishi. Mgonjwa wa tatu, mvulana wa miaka sita, midomo yake ilibadilika kutoka bluu kuwa ya waridi akiwa bado mezani.

Mwaka 1945 taarifa ilichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani. Ilikuwa na majina mawili, Blalock na Taussig. Wazazi wakaanza kumiminika Baltimore na watoto wao kutoka nchi nyingi. Thomas aliendelea kuwafundisha vijana wa kizungu ambao baadaye walikuwa wapasuaji wakubwa, akiwemo Denton Cooley, na jioni nyingine alihudumia vinywaji kwenye sherehe za Blalock ili kuongezea mshahara. Watu wale wale aliowafundisha asubuhi kushika sindano, jioni aliwapelekea glasi. Chuo kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976. Alifariki mwaka 1985. Siku hizi wengi tunauita upasuaji ule kwa majina yote matatu, Blalock, Thomas na Taussig, nami nakuomba nawe uuite hivyo utakapofika wodi ya watoto.

Angalia lakini kwamba hata huo haukufungua moyo. Ulizunguka nje yake. Kuingia ndani ukaona unachoshona kulihitaji dakika.

Zilipatikana kwa njia tatu, karibu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni baridi. Mwili ukipoa hadi nyuzi 28 hivi, ubongo unatumia oksijeni kidogo na unavumilia muda mrefu zaidi. Septemba 1952, Chuo Kikuu cha Minnesota, John Lewis alimpoza mtoto wa kike wa miaka mitano, akafunga mishipa ya kuingiza damu, akafungua moyo, akaziba tundu, akatoka. Njia ilifaa kwa tundu dogo. Kwa kasoro kubwa, muda uliisha kabla ya kazi.

Ya pili ni mashine. John Gibbon, akiwa daktari kijana Boston mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikesha pembeni ya mwanamke ambaye donge la damu lilikuwa limeziba mshipa wake wa mapafu. Alimwangalia akififia usiku kucha, na wazo likamjia: laiti ningeweza kuichota damu hii nyeusi, kuitia oksijeni nje ya mwili, na kuirudisha. Alikaa na wazo hilo zaidi ya miaka ishirini. Msaidizi wake mkuu wa maabara alikuwa mke wake, Mary, na walianza na paka. Kampuni ya IBM iliwasaidia kutengeneza mashine yenyewe. Damu iliteremka kama utando mwembamba juu ya wavu wa chuma ndani ya oksijeni, ikiwa imewekewa heparini isigande. Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, msichana wa miaka 18 aliishi dakika 26 kwa mashine hiyo tu, huku Gibbon akiziba tundu la moyo wake. Dakika 26! Wagonjwa waliofuata walikufa, Gibbon akavunjika moyo na hakuendelea.

Ya tatu ndiyo inayowashangaza wanafunzi wote. Walton Lillehei, huko huko Minnesota, aliuliza kwa nini tuhangaike na mashine wakati mama mjamzito anamhudumia mtoto kwa damu yake miezi tisa. Tarehe 26 Machi 1954 alimlaza mtoto Gregory Glidden wa mwaka mmoja hivi meza moja, na baba yake meza ya pili, akawaunganisha kwa mipira na pampu. Mapafu na moyo wa baba vikafanya kazi ya watu wawili wakati mtoto anazibwa tundu. Upasuaji ulifanikiwa, Gregory alikufa siku 11 baadaye kwa homa ya mapafu. Lillehei aliendelea. Kati ya wagonjwa 45 aliowafanyia hivyo, 28 walitoka hospitalini wakiwa hai, katika magonjwa ambayo kabla yake hayakuwa na tiba. Wapo waliompinga wakisema huu ni upasuaji wa mtu mmoja unaoweza kuua wawili, na hawakuwa wajinga. Mwaka 1955 msaidizi wake Richard DeWall alitengeneza kifaa rahisi cha kupitisha oksijeni kama mapovu ndani ya damu, kwa mipira ya plastiki, na hapo mashine ikawa kitu ambacho hospitali ya kawaida ingeweza kumudu.

Mmoja wa waliokuja Minnesota kujifunza miaka hiyo alikuwa kijana kutoka Beaufort West, Afrika Kusini. Ndiye Christiaan Barnard. Aliporudi Cape Town, alirudi na mashine ya moyo na mapafu.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1967, hospitali ya Groote Schuur, Barnard alimwekea Louis Washkansky, mfanyabiashara wa duka la vyakula, moyo wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25 aliyegongwa na gari. Baba wa Denise alikubali ingawa ajali hiyo hiyo ilikuwa imemuua mke wake. Figo moja ya Denise alipewa mvulana wa miaka 10 ambaye sheria za nchi zilimtenga kama chotara, na hilo nalo lilizua maneno. Moyo wa Denise ulitolewa na timu ya madaktari akiwemo Marius, mdogo wake Barnard. Naki hakuwemo. Hakuwa na ruhusa ya kuingia kwenye chumba kile, na waliokuwemo wanajulikana.

Washkansky aliishi siku 18. Moyo haukumuua, dawa za kuzuia mwili usiukatae zilishusha kinga yake na homa ya mapafu ikamaliza. Mgonjwa wa pili, Philip Blaiberg, aliishi miezi 19 akiwa na moyo wa kijana chotara, Clive Haupt, katika nchi ambayo Haupt na Blaiberg wasingeruhusiwa kuoga ufukwe mmoja.

Kwa haki ya historia lazima niseme pia: mbinu aliyoitumia Barnard ilibuniwa kwa miaka mingi na Norman Shumway na Richard Lower kule Stanford, kwa mbwa. Barnard aliwatangulia kuitumia kwa binadamu. Baada yake kila hospitali kubwa ilitaka kujaribu. Wagonjwa wengi walikufa ndani ya muda mfupi, na karibu wote wakaacha. Shumway hakuacha. Aliendelea polepole miaka ya 1970 yote, hadi dawa ya saiklosporini, inayozuia mwili kuukataa moyo mpya, ilipokuja na kuufanya upandikizaji kuwa tiba ya kweli. Ukiniuliza nani baba wa upandikizaji wa moyo, nitakutajia huyo.

Na mzee Naki? Alizaliwa Transkei mwaka 1926 hivi, akaja Cape Town kijana, akaajiriwa na chuo kikuu kutunza bustani. Mwaka 1954 Profesa Robert Goetz, aliyekuwa anachunguza jinsi twiga anavyoinamisha kichwa kunywa maji bila kuzimia, alihitaji mtu wa kumsaidia kumshika twiga aliyelazwa kwa dawa. Naki akaitwa kutoka bustanini. Kutoka hapo alijifunza kuwapa wanyama dawa ya usingizi, kuwapasua, kuwashona, hadi kupandikiza maini ya nguruwe kwa ustadi uliowashinda wengi wenye vyeti. Madaktari vijana wengi walijifunza kwenye mikono yake ndani ya maabara. Barnard mwenyewe alimsifu waziwazi uzeeni. Alistaafu mwaka 1991 kwa pensheni ya mtunza bustani. Mwaka 2002 serikali mpya ilimpa Nishani ya Mapungubwe, na mwaka uliofuata chuo kikuu kikampa shahada ya heshima. Hadithi ya usiku wa Desemba ilivuma zaidi alipofariki mwaka 2005, magazeti makubwa ya Ulaya na Marekani yakaichapa, kisha yakalazimika kuisahihisha.

Kwa hiyo ujumbe ukirudi tena kwenye kundi, usiufute kimya kimya. Waandikie wenzako hiyo habari ya twiga, nguruwe na pensheni, halafu waandikie habari ya stuli ya Baltimore. Uongo kuhusu Naki unamdhulumu mara ya pili, kwa sababu siku unapobainika, watu wanadhani kila alichofanya kilikuwa cha kutunga.

Mwisho, kwa kuwa utafanya kazi hapa kwetu. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafanya kila wiki mambo ambayo wazazi wetu walilazimika kuyafuata India. Kile kidole cha Souttar kimegeuka puto dogo linalopitishwa kwenye mshipa wa pajani na kupulizwa ndani ya vali iliyobana, bila kufungua kifua. Lakini mgonjwa wake ni yule yule wa 1925: msichana wa shule aliyeumwa mafindofindo utotoni bila kutibiwa sawasawa, ambaye sasa akipanda ngazi anahema. Utamkuta wodini, pengine kabla hujahitimu. Muulize sindano yake ya mwisho ya penisilini, ile ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, alichomwa lini, na kama zimepita wiki nne, mwambie daktari wa zamu siku hiyo hiyo.